Ukitoka Kitale au Bungoma Kwenda Baharini, Anza na Mwezi

Kabla hujakata tiketi, tazama mwezi. Wageni wengi kutoka bara husafiri usiku kucha, hufika Mombasa asubuhi, hubadilisha nguo mbio mbio, kisha hukuta bahari imerudi nyuma na kuacha mwani na mawe. Siku ya kwanza imepotea hivyo. Yako isipotee.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama tu, huwa ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, yakajaa sana mnamo saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo yanapojaa. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Shika hayo tu, nusu ya safari umeshaipanga.

Una watoto wanaotaka kuogelea asubuhi na kulala mchana? Chagua siku za maji mafu. Unataka kutembea kuelekea mwambani uone viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, na samaki wadogo wa rangi? Nenda asubuhi ya bamvua, kisha uoge alasiri.

Ila ukiwa huko mbali, geuka mara tu maji yanapoanza kurudi. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, wewe ungali unatazama mbele. Hapo usijivute hata dakika tano.

Zile sandak unazovaa shambani wakati wa mvua, zibebe. Matumbawe hukata, na humo mwambani kuna viumbe weusi wenye miiba kama sindano. Ukimkanyaga mmoja, likizo yako utaimalizia kitini.

Msimu nao una maana. Aprili na Mei ni mvua. Upepo wa kusi ukivuma, hadi karibu Septemba, bahari huchafuka na mwani hujaa mchangani. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi: maji matulivu, jua kali. Kama wewe ni mkulima wa mahindi, Januari ndiyo yako. Umeshavuna, kupanda bado, na msongamano wa Krismasi umekwisha. Wenye watoto wa shule wachukue Agosti. Mwani utakuwepo, lakini joto halitawachosha.

Sasa njia. Kutoka Kitale hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 850, na Bungoma ni karibu hivyo hivyo. Usiimalize kwa mruko mmoja ukiwa na watoto wadogo. Laleni Nairobi usiku mmoja, asubuhi mpande treni ya SGR. Ile ya asubuhi husimama vituo vingi, lakini hupita Tsavo mchana, na watoto huhesabu ndovu dirishani. Mimi ningeichagua hiyo hata kama ingechelewa zaidi.

Tiketi ikate mapema kwa simu, ulipe kwa M-Pesa. Daraja la kawaida lilipandishwa hadi shilingi 1,500 mwaka 2024. Beba kitambulisho chenyewe. Kituo kiko Syokimau, si katikati ya jiji, na ukaguzi wa mizigo huchukua muda. Fika saa nzima kabla.

Mombasa utashukia Miritini, nje ya mji. Kama unaenda Diani kwa gari la kukodi, mwambie dereva apite Dongo Kundu, msiingie kisiwani. Kama unatumia matatu, ingia mjini, vuka feri ya Likoni (kwa miguu ni bure), panda ya Ukunda, kisha tuktuk hadi ufuoni. Kwenye feri begi liweke kifuani.

Ufuo upi? Ukiwa na kundi kubwa na pesa kidogo, nenda Pirates kule Bamburi, yaani Jomo Kenyatta Public Beach. Kuna watu, chakula na maboya ya kukodi. Wikendi hufurika, kwa hiyo nenda katikati ya wiki. Kwa mchanga mweupe laini, Diani haina mpinzani. Tembea kaskazini hadi mdomo wa mto Mwachema, uone Msikiti wa Kongo, wa kale sana, chini ya mibuyu. Ng'ambo ya mto ni Tiwi, kumetulia zaidi. Huko usiende peke yako.

Usiogope hoteli kubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Viti na miavuli ni yao. Ule mchanga unaooshwa na mawimbi ni wako pia, pita.

Vijana wa ufuoni watakujia na ngamia, mashua na vinyago. Salimia kwanza, Pwani salamu ni mlango. Halafu kubaliana bei kabla hujapanda chochote, na uulize wazi: ni bei ya kila mtu au ya sisi sote? Ni ya kwenda na kurudi?

Kama uliogelea Nzoia tu, au hujawahi kabisa, baki maji ya kiunoni, upande wa ndani wa mwamba. Epuka mdomo wa mto na mlango wa mwamba, maji huvuta kwa nguvu hapo. Mtoto awe mbali nawe mkono mmoja, si zaidi. Simu iache kwenye begi.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, kwa hiyo mwili wako haujazoea joto hili la unyevu. Kaa kivulini kuanzia saa sita hadi saa tisa. Kunywa maji kabla ya kiu, na madafu kila uyaonapo. Jioni nenda Mama Ngina Waterfront, ule mhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili ukitazama meli zikiingia Kilindini. Asubuhi, mahamri kwa mbaazi.

Makombe na matumbawe yaache baharini. Zawadi zinunue soko la Marikiti, mjini Mombasa: viungo vya pilau, mabuyu, tende. Vifunge vizuri chini ya begi, na juu kabisa uweke sweta. Basi la usiku la kurudi likifika Timboroa alfajiri, sweta hilo utalitafuta gizani.