Uthibiti Ubora wa Shule na Mwanafunzi Mwenye Mahitaji Maalumu

Wathibiti ubora wanapofika katika shule ya msingi, hawakagui maandalio ya masomo na idadi ya madawati pekee. Wajibu wao ni pamoja na kupima kama mwanafunzi mwenye ulemavu au mahitaji mengine maalumu anajifunza kweli, au anahudhuria tu. Makala haya yanawaeleza wakazi wa Kata ya Mgori namna kazi hiyo inavyofanyika, na sehemu ambayo haiwezi kukamilika bila mzazi.

Shule za msingi za umma husimamiwa na Halmashauri chini ya TAMISEMI. Wathibiti ubora, ambao zamani waliitwa wakaguzi, wako chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Hivyo anayeendesha shule siye anayeipima.

Kiunzi cha Uthibiti Ubora wa Shule cha mwaka 2017 kinataja maeneo sita ya kupimwa: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji na upimaji, mtaala, uongozi, mazingira ya shule, na ushirikiano wa jamii. Mahitaji maalumu yanagusa maeneo yote hayo.

Chukulia mfano wa mwanafunzi wa darasa la nne mwenye uoni hafifu. Katika ufundishaji, mthibiti ataangalia ameketishwa wapi, na kama mwalimu husoma kwa sauti anachokiandika ubaoni. Katika mazingira, ataangalia mwanga wa darasa, njia ya kuelekea chooni na mashimo yaliyopo uwanjani. Katika upimaji, ataangalia kama majaribio yake yameandikwa kwa maandishi makubwa na kama ameongezewa muda. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa katika mitihani ya taifa Baraza la Mitihani huwatengea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 za ziada kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtoto ambaye hali yake haikutambuliwa mapema anaweza kuikosa nafasi hiyo.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa tathmini yoyote. Mthibiti hukaa shuleni kwa muda mfupi, na huanzia kwenye kumbukumbu anazozikuta. Mtoto asiyesikia vizuri ambaye hakuandikwa popote huonekana kuwa mtoto mzito wa kuelewa au mtukutu. Naye mtoto aliyefichwa nyumbani haonekani kabisa. Shule yaweza kusifiwa kwa kuwahudumia vema wanafunzi wake wote, ilhali yeye hayumo miongoni mwao.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto huyo haki ya kupata elimu sawa na wenzake. Haki hiyo huanza kutekelezeka siku anapoandikishwa. Kwa sababu hiyo, mzazi anashauriwa kumweleza mwalimu mkuu hali ya mtoto bila kuficha wakati wa uandikishaji, na kuhakikisha kuwa maelezo hayo yameandikwa. Penye shaka ya macho au masikio, mtoto apelekwe kituo cha afya akapimwe, na majibu yafikishwe shuleni.

Baada ya tathmini, wathibiti huandaa taarifa yenye mapendekezo. Taarifa isiyosomwa haibadilishi darasa. Kamati ya shule inawawakilisha wazazi, na kupitia kwayo, au katika mkutano wa wazazi, mkazi anaweza kuuliza maswali haya:

1. Shule ina wanafunzi wangapi wenye mahitaji maalumu, na ya aina gani?
2. Tathmini iliyopita ilipendekeza nini kuhusu wanafunzi hao?
3. Ni pendekezo lipi limetekelezwa, na lipi linasubiri Halmashauri?

Baadhi ya majibu yatahitaji fedha, kama vile mashine ya nukta nundu au mwalimu mwenye taaluma ya elimu maalumu. Mengine hayahitaji fedha nyingi: kuhamisha dawati karibu na ubao, kufukia shimo, kujenga mtelemko kwa nguvu za wananchi penye ngazi, au kumruhusu mwanafunzi mwenye ualbino avae kofia pana juani. Hayo kijiji kinaweza kuyaanza kabla mthibiti hajarudi.