Kagua Muhuri Kwanza: Vidokezo 8 kwa Mlinzi wa Seva

Kila programu ina matundu, na kila wiki matundu mapya hugunduliwa na kuzibwa. Kazi yetu sisi tunaotunza seva ni kuhakikisha kiraka kinafika mapema, na kwamba kilichofika ni kiraka kweli, wala si adui aliyevaa kanzu ya fundi.

1. Funga milango kabla hujaweka kitu ndani.

Washa seva mpya leo, ipe anwani ya intaneti, kisha fungua logi yake ya kuingia. Kabla chai haijapoa utaona mistari inapangana: kuna anayejaribu kuingia kwa jina la "root", nywila imekataa, anajaribu "admin", imekataa, anajaribu "test". Ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikigonga kila mlango usiku na mchana, na hazijali kama wewe ni benki au duka la vitabu. Kwa hiyo zima kuingia kwa nywila kwenye SSH, tumia jozi ya funguo, na mzuie root asiingie moja kwa moja. Halafu washa ukuta wa moto uache wazi milango unayoihitaji tu. Ujaribu ufunguo wako kwenye dirisha la pili ukiwa bado umeshikilia la kwanza. Mimi siku moja niliwasha ukuta wa moto kabla ya kuruhusu mlango 22, nikajikuta nje saa nane za usiku, na wenye seva wakakosa huduma hadi asubuhi. Tangu siku hiyo sifungi dirisha la kwanza mpaka la pili limenipokea.

2. Andika orodha ya vyote ulivyo navyo.

Tarehe 7 Machi 2017 watunzaji wa Apache Struts, programu ya kujengea tovuti, walitangaza tundu kubwa na kutoa kiraka siku hiyohiyo. Kampuni ya Equifax ya Marekani iliwatumia watu wake agizo la kuziba ndani ya saa 48. Hata hivyo mfumo mmoja ulisahaulika, na katikati ya Mei wadukuzi waliingia kupitia tundu hilohilo. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilitoka. Agizo lilikuwa zuri, ila huwezi kuziba tundu la chumba usichojua kama unacho. Orodha yangu ni faili la kawaida tu: jina la seva, programu zilizomo, toleo lake, na jina la mtu wa kupigiwa simu.

3. Acha mashine ijisasishe yenyewe.

Kwenye Debian na Ubuntu ipo unattended-upgrades, inayosakinisha viraka vya usalama bila kukungoja. Iwashe. Jambo moja husahaulika: programu iliyokwisha kuwaka huendelea kutumia faili la zamani lililo kwenye kumbukumbu, hata kama jipya liko kwenye diski. Iwashe upya programu hiyo, la sivyo umenunua kufuli na kuliacha mezani.

4. Kagua muhuri, usitegemee barabara.

Hapa ndipo nawaona wengi wakichanganya mambo. Alama ya kufuli kwenye kivinjari inakuambia barabara ni salama. Haisemi lolote kuhusu mzigo wenyewe. Tazama apt inavyofanya. Faili liitwalo Release husainiwa kwa ufunguo wa siri wa Debian. Ndani yake zimo heshi za orodha za vifurushi, na ndani ya orodha zimo heshi za kila kifurushi. Ukibadilisha herufi moja tu ya kifurushi, mnyororo unakatika na apt inagoma. Mara nyingine Release huwa na tarehe ya mwisho pia, ili mtu asikulishe orodha ya zamani yenye saini halali huku viraka vipya vikikupita. Ndiyo maana Debian inaweza kugawa programu zake kupitia seva za watu baki duniani kote bila kulazimika kuwaamini.

Kwetu, ambako bando ni ghali na ofisi nyingi husakinisha programu kwa flashi, hili lina uzito wa pekee. Ukibeba kifurushi kimoja cha .deb na kukisakinisha kwa dpkg, kwa kawaida hakuna anayekagua saini, kwa kuwa saini ilibaki kwenye Release uliyoiacha nyuma. Beba hazina nzima ya vifurushi pamoja na Release yake, uipitishe kwa apt. Hapo muhuri unasafiri na mzigo, hata ukipita kwa bodaboda.

Na heshi iliyobandikwa ukurasa uleule wa kupakulia haitoshi. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakaelekeza kiungo kwenye nakala yenye mlango wa nyuma. Anayeweza kubadili kiungo anaweza kubadili na heshi. Saini ndiyo ya kutazama, kwa ufunguo ulioupata kwa njia nyingine.

5. Ukiwa wewe ndiye mgawaji, ufunguo wa kusaini usilale kwenye seva ya kugawia.

Watu wanaopokea masasisho yako wamekupa ruhusa ya kuingia kwao bila hodi. Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya ilisambaa kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu ya Ukraine, baada ya wadukuzi kuingia kwenye seva zake. Wahasibu wale hawakukosea. Walisasisha kama walivyofundishwa. Saini kwenye mashine isiyoungwa na mtandao, au weka ufunguo kwenye kifaa maalumu kisichoutoa nje. Seva ya kugawia ikitekwa, mwizi akute rafu tu, muhuri asiukute.

6. Gawa kwa awamu.

Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft. Hakukuwa na adui hapo. Anza na mashine zako, kisha wateja wachache, ungoje, ndipo uwape wengine.

7. Weka nakala mahali ambapo mtandao haufiki.

NotPetya ilipoikumba kampuni ya meli ya Maersk, seva zake za kutambua watumiaji, zipatazo 150, zilifutwa karibu zote. Zilikuwa zikinakiliana ili moja iwe akiba ya nyingine, lakini ziliteketea pamoja. Ilisalia moja, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ilikuwa nje ya mtandao. Laini ya huko ingechukua siku kadhaa kurusha data zote Uingereza, ambako mfumo ulikuwa ukijengwa upya, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya kwenda huko, hivyo diski ilipelekwa kwanza Nigeria, ikapokelewa na mwenzao, naye akapanda nayo ndege. Wewe usingoje mgawo wa umeme ukuokoe. Chomoa diski ya nakala kila umalizapo kunakili, na kila mwezi jaribu kurejesha faili moja kutoka humo.

8. Fuatilia kinachochelewa.

Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alifuatilia hadi akakuta mlango wa nyuma ndani ya xz, programu ya kubana faili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, uliopandwa na mtu aliyekuwa ameaminiwa kuutunza mradi huo. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye Debian ya majaribio. Kwa hiyo pima seva yako ikiwa nzima: inachukua muda gani kukuingiza, inatumia kumbukumbu kiasi gani saa sita za usiku. Andika namba hizo kwenye faili lile la kidokezo cha 2, na uzilinganishe baada ya kila sasisho.