Ngoma za Breki za Nyuma katika Gari la Kale: Fundi Ajibu Maswali

Barua zinazofika karakanani kwangu hapa Carama aghalabu huanza kwa rangi, vioo na ngozi za viti, ndipo breki zikatajwa mwishoni. Nimeziacha zinazouliza jinsi ngoma inavyovuliwa, kwa kuwa hilo kila mwanagenzi wa Buyenzi analijua, nikachagua zile zilizonikera au kunitia hofu.

Fundi, naifufua Peugeot 404 ya marehemu baba. Nimepata ngoma za nyuma za gari kubwa zaidi. Je, hazitanipa breki bora?

Wengi wameuliza neno hili, wengine kwa Land Cruiser, wengine kwa Volkswagen, nami nawajibu pamoja. Dhana kwamba ngoma kubwa ndiyo breki nzuri hunisumbua kuliko zote, maana ina sura ya akili ilhali inaua. Gari likishikwa breki, uzito wake huegemea mbele, magurudumu ya nyuma yakabaki mepesi. Na gurudumu jepesi likipewa breki kali huacha kuviringika, likateleza. Ya mbele yakikwama kwanza, gari hukaidi usukani lakini huendelea kuelekea mbele. Ya nyuma yakitangulia kukwama, gari hugeuka ubavu, na katika lami iliyolowa dereva hujikuta akitazama alikotoka. Kwa sababu hiyo waliolibuni gari waliinyima nguvu breki ya nyuma kwa makusudi, wala si kwa ubahili.

Fauka ya hayo, ngoma kubwa aghalabu huja na silinda zake. Ukiitoa silinda ya gurudumu yenye kipenyo cha milimita 19 ukatia ya milimita 22, nguvu inayosukuma viatu huongezeka kwa takriban theluthi moja kwa mkanyago uleule. Na maadamu masta silinda haikubadilishwa, kanyagio litazama zaidi kabla breki haijashika. Hapo mtu humwita fundi wa vichochoroni, naye humwambia masta silinda imekufa, akamuuzia nyingine. Basi chagua ngoma, viatu na silinda za kipimo kilekile alichoweka mtengenezaji. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Sioni kwa nini mtu aione dhaifu kwa safari ya sokoni.

Mzee, nikishuka kutoka Bugarama breki hufifia. Ninunue ngoma gani?

Usinunue ngoma, tia gia ya pili. Gari la kilo 1,200 likishuka kimo cha mita 1,400 hivi hadi ufukwe wa Tanganyika hutoa joto liwezalo kuchemsha lita zaidi ya 45 za maji, na joto ambalo injini na upepo havikulichukua huishia katika breki. Ngoma ikipata moto hutanuka, ikavikimbia viatu vyake, na kanyagio likashuka. Mafuta ya breki nayo, yakiwa yamekaa miaka, hunywa unyevu wa hewa: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishalowa kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Rafiki yangu hujaza maji ya sabuni badala ya mafuta ya breki. Je, yafaa?

Hayafai, na rafiki yako asikuendeshe.

Ngoma moja tu imepasuka. Nibadilishe hiyo peke yake?

Badilisha zote mbili.

Nikereze ngoma za zamani au niagize mpya kutoka Dubai?

Kereza, iwapo chuma kinaruhusu. Futa kutu kwenye ukingo wa ngoma, mara nyingi utakuta kipenyo cha mwisho kimechorwa hapo, aghalabu kikubwa kwa milimita moja au mbili tu kuliko cha awali. Ikikipita, ni chuma chakavu, hata mkerezaji akikuapia. Ining'inize kwa kamba, uigonge taratibu kwa nyundo: nzima hulia kwa sauti ndefu, yenye ufa hujibu kwa sauti butu. Baada ya kukereza, paka chaki ndani, uburute kiatu humo. Chaki ikishika katikati ya kiatu kwanza, utarekebisha kwa kukwaruza kidogo, lakini ikishika ncha peke yake, kiatu hicho si cha ngoma hiyo. Kwa mwenye Peugeot 504, hadhari: gari la abiria na lile la mizigo hayakufanana nyuma, kwani saluni nyingi zilikuwa na diski. Usimwambie muuzaji «ya 504» ukanyamaza.

Vijana wangu hupuliza vumbi la ngoma kwa kompresa. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye, wakati kijana ameshasahau gari lilikuwa la nani. Lowesha ngoma, pangusa kwa kitambaa chenye maji, kifunge katika mfuko. Tajiri wa karakana asiyetaka kununua ndoo ya maji hanipi nafasi ya kumheshimu.

Je, si afadhali niondoe ngoma za nyuma niweke diski?

Utapoteza breki ya mkono iliyo rahisi, utahitaji kupima upya mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma, na gari halitasimama vyema zaidi kuliko lilivyosimama likiwa jipya. Fedha hizo zitie katika mabomba ya mpira yaliyopasuka, ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza habari zake.