Gesi Kutoka Mimea Mibichi: Je, Mtambo Huu Unatufaa?

Kikundi kimoja cha vijana katika dayosisi yetu kilituletea ombi la kuchangisha fedha za kununua mtambo ambao, kama walivyoambiwa, hugeuza vigogo vya migomba kuwa gesi kwa dakika chache. Kabla ya kuwajibu tulijisomea kwanza.

Jambo lenyewe ni la kweli. Maji yakifungiwa na kupashwa moto kupita nyuzi 374 za Sentigredi, chini ya mgandamizo unaozidi baa 221 (karibu mara 100 ya upepo wa tairi la gari dogo), hayachemki. Si maji tena wala si mvuke. Katika hali hiyo huivunjavunja mimea ikatoa gesi za haidrojeni, methani na kabonidayoksaidi. Huko Karlsruhe, Ujerumani, watafiti walijenga mtambo wa majaribio wa kupitisha kilo 100 za uji wa mimea kwa saa.

Faida kubwa ni kwamba hakuna kukausha. Kigogo cha mgomba kwa sehemu kubwa ni maji, na kuyamaliza maji yanayochemka yote yawe mvuke hula joto zaidi ya mara 5 ya lile la kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu hadi yachemke. Aliyewahi kupikia kuni mbichi anatuelewa. Katika mtambo huu maji ndiyo yanayofanya kazi, na joto la uji unaotoka hupasha ule unaoingia.

Ugumu uko kwenye chumvichumvi. Maji ya kawaida huziyeyusha, lakini maji ya hali ile huzitupa, nazo huziba mabomba. Na mgomba una potashi nyingi! Tena mabomba huliwa haraka, hivyo huhitaji aloi ghali za nikeli. Bomba la namna hiyo likipasuka jikoni hakuna atakayepona.

Tuliwajibu vijana wasichange. Biogesi ya samadi huenda polepole, na vijidudu vyake hushindwa na miti migumu, ila fundi mwashi wa hapa kwetu anaweza kuujenga mtambo wake na kuukarabati.

Kwa kamati za sharika, mjadili: ni kaya ngapi zina ng'ombe 2 au 3 wa kufugia bandani, na maji ya kuchanganyia samadi yanatoka umbali gani? Majibu yaletwe ofisi ya miradi.