Nini inapita ndani ya pupa ya nzi ya matunda



Hapa Pweto, wakati wa maembe, kila mutu anajua ile hasara: embe inaonekana muzuri inje, unaikata, ndani funza zinatembea. Muchuuzi anayepeleka Lubumbashi akipata moja ya namna ile mu kitunga, anashusha bei ya kitunga chote. Kisha watu wanatuuliza: tupulize dawa gani? Mbele ya kusema dawa, tumufuate kwanza ule mududu mpaka fasi anajificha.

Nzi yenyewe, Bactrocera dorsalis, ilitoka Asia. Mu Afrika iliandikwa mara ya kwanza Kenya, mwaka wa 2003, na leo iko mu inchi mingi, Kongo yetu pia. Nzi muke anatoboa ngozi ya embe na kutaga mayai. Kisha siku moja ao mbili funza wanatoka mu mayai, wanakula embe juma moja ao mawili, halafu wanaingia mu udongo. Hawaendi mbali: mara mingi ni sentimeta 2 mpaka 5 tu. Pale ngozi ya funza inakauka na inakuwa kifuko kigumu cha rangi ya kahawia, kama punje ndogo. Njo ile tunaita pupa.

Ukitazama pupa inje, utasema imelala. Lakini ndani kazi ni kubwa. Funza hana miguu wala mabawa. Yeye ni kinywa na tumbo. Wengi wanafikiri mabawa inaota tu juu ya mwili wa funza, sawa vile mutoto anaota meno. Hapana. Sehemu kubwa ya mwili wa funza inapaswa kufa kwanza. Matumbo ya zamani inakufa, tezi za mate zinakufa, misuli mingi ya kutambaa inakufa. Na kuna vifurushi vidogo vya seli vilivyokuwa vinangoja ndani ya funza tangu mwanzo: kimoja cha bawa, kimoja cha muguu, kimoja cha jicho. Homoni moja, ekidisoni, inapita mu damu kama kengele. Kengele ni moja, lakini seli zingine zinaisikia na kufa, zingine zinaisikia na kukua.

Kufa huku si kuoza. Ukikata nyama na kisu, seli zinapasuka na kuchafua zile za pembeni. Hapa seli inajikata-kata yenyewe pole pole, vipande vinaliwa, na mali yake inajenga mwili mupya. Hata sisi tulipita njia ile: mu tumbo ya mama, vidole vya mutoto vinaachana kwa sababu seli za katikati zinakufa.

Hayo yote yalichunguzwa sana mu kanzi kadogo kale kanazunguka ndizi zilizoiva sana, drosofila. Ndani yake tezi za mate zinamalizika karibu saa 15 tu kisha kifuko kufanyika. Mu 1994, Kristin White, Hermann Steller na wenzao, kule Marekani, walipata jeni moja inayoamuru kifo hicho. Waliipatia jina la Kiingereza lenye maana ya muvunaji. Mukulima hawezi kusahau jina kama lile.

Sasa turudi ku shamba. Pupa haikuli kitu, haitembei, iko chini ya udongo na ganda gumu. Dawa unayopuliza juu ya majani haiifikie, na funza iliyo ndani ya embe haiifikie pia. Kule Afrika ya Kusini wanafuga nzi za namna ingine, wanapiga pupa na mionzi siku chache mbele ya nzi kutoka: mabawa imekwisha kujengwa, nzi inaruka vizuri, lakini haizai. Sisi hatuna mashine ile. Tuko na jembe.

Kwa hiyo, okota maembe yote yaliyoanguka mara mbili kwa juma, mbele funza haijatoka. Embe iliyolala chini juma nzima, ukiiokota, unaokota ganda tu. Wenyewe wamekwisha kuingia mu udongo. Yatie mu mufuko wa plastiki usio na tundu, ufunge vizuri, uache ku jua kali siku kadhaa. Ao chimba shimo, yazike yawe na udongo wa sentimeta 50 juu yake, na ukanyage. Shimo fupi ni kuwatengenezea kitanda. Kuku wakikwaruza chini ya muti wanasaidia pia. Na jirani yako asipookota, nzi zake zitakuja kwako. Kazi hii ni ya kooperativi nzima.

Mukikutana, fanyeni jaribio hili. Tieni maembe mawili yenye funza mu ndoo yenye muchanga mukavu, mufunike na kitambaa kizito. Pupa zikifanyika, pasueni moja kila siku mbili. Zile za kwanza utakuta uji mweupe tu. Kisha macho yataonekana, halafu miguu na mabawa yaliyokunjwa. Karibu siku ya 10 nzi wataanza kutoka. Mbele ya kufungua kitambaa, mwanga maji ya moto.