Ugonjwa Huu Umetoka kwa Nani?



Mtoto anapolia usiku kwa maumivu ya mifupa, mikono na miguu ikavimba na macho yakawa ya manjano, watu wa nyumbani huulizana: "Ugonjwa huu umetoka upande wa nani?" Mara nyingi mama ndiye hunyoshewa kidole. Wengine hutaja laana. Swali hilo huvunja nyumba, ilhali jibu la kweli halina mshtakiwa.

Katika ugonjwa wa selimundu, chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Mtoto huupata anaporithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia. Mzazi aliyerithi kwa upande mmoja tu huitwa mbebaji: kwa kawaida ni mzima wala hajijui. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kumleta mtoto mgonjwa, na 2 kati ya 4 za kumleta mbebaji. Aliyetangulia kuugua hamkingi anayefuata.

Wala si laana. Mwaka 1954 Dkt. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha kwamba wabebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana kasoro hii imeenea sana kando ya Ziwa Victoria na huko Pwani.

Basi nendeni mkapimwe damu, wote wawili, na matokeo myapokee mkiwa pamoja. Mke akipimwa peke yake, atarudi nyumbani na mzigo ambao ni wa wawili. Mume asione haya kuwaambia wazazi wake: "Na mimi ninayo." Neno hilo moja laweza kumrudishia mkewe heshima. Waambieni pia ndugu zenu, hasa wanaotaka kuoa au kuolewa.

Je, wachumba wabebaji wakatazwe ndoa? Mwaka 1930, katika barua Casti Connubii, Papa Pius XI aliwakemea waliotaka serikali iwanyime watu ndoa kwa sababu ya urithi. Lakini wachumba wajue ukweli mapema. Nao wanandoa wenye sababu nzito wanaweza kuahirisha uzazi kwa kufuata siku za mke, kama Humanae Vitae ilivyofundisha mwaka 1968. Mtoto aliyekwisha kutungwa mimba ni zawadi, hana kosa.

Mtoto mgonjwa apelekwe kliniki mapema. Dawa ya penisilini ya kila siku utotoni, chanjo na maji ya kunywa ya kutosha humsaidia sana. Akipata homa, msingoje asubuhi.

Mzungumzie jioni hii:
1. Katika koo zetu, kuna watoto waliougua hivi?
2. Tumewahi kulaumiana kwa jambo ambalo hakuna aliyelichagua?
3. Ni ndugu yupi anapaswa kuambiwa, na nani atamwambia?