Kushindwa Masomo Hakuanzi Siku ya Mtihani

Tangu mwaka 2003, shule za msingi za serikali nchini Kenya hazitozi karo. Lakini kuingia shule si kufaulu. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Kaloleni na Shauri Moyo, jamaa nyingi hukaa chumba kimoja: humo hupikwa, hulalwa, na mtoto hutakiwa asome. Asiyefahamu somo la leo hulemewa na la kesho, na ufa huzidi kimya kimya.

Basi, mzazi, yafaa ufungue daftari la mwanao kila juma. Makosa yale yale yakirudi, usimpige wala usimwite mjinga. Mwendee mwalimu mapema. Tena mtengee saa moja ya utulivu, au mpeleke maktaba ya Kaloleni au ya Makadara. Usipoziba ufa utajenga ukuta.